Kisukari na Kilimanjaro: Kabla ya Kulaumu Mwinuko, Uliza Kidole

Kila msimu wa kupanda Kilimanjaro ukikaribia, hasa kuelekea tarehe 9 Desemba ambapo vikundi hupanda kukumbuka Uhuru na Mwenge uliosimikwa kileleni mwaka 1961, swali moja hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: "Mwenye sukari anaruhusiwa kupanda?" Majibu huwa ya aina mbili. Mmoja anasema huko ni kujiua. Mwingine anasema mlima ndio dawa yenyewe, ukitembea siku sita sukari inaisha, hata sindano acha nyumbani. Wote wamekosea, ila wa pili ndiye anayeweza kuua mtu.

Kisukari peke yake hakimfungii mtu lango la Marangu wala la Machame. Mwezi Mei 2006 Geri Winkler wa Austria na Will Cross wa Marekani, wote wawili wakiishi kwa insulini, walifika kilele cha Everest, karibu mita 3,000 juu ya pale kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro kilipo. Hakuna kati yao aliyeacha dawa ili afike. Kinachowaangusha watu mlimani mara nyingi si kisukari chenyewe, ni kutafsiri dalili bila kupima. Makala haya yanahusu hilo, pamoja na mambo ya mzigo ambayo hakuna anayekwambia hadi yameharibika.

Tuanze na maneno

Kisukari, ambacho wengi tunakiita tu "sukari", ni hali ya sukari kubaki kwenye damu badala ya kuingia kwenye misuli na viungo vinavyoihitaji. Fikiria kituo cha daladala saa moja asubuhi. Abiria ni sukari, daladala ni misuli, na konda anayefungua mlango ni insulini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana konda kabisa, kwa hiyo humleta kwa sindano kila siku ya maisha yake. Mwenye aina ya pili konda anaye, ila mlango umekaza na konda mwenyewe amechoka. Wengine hutosheka na vidonge, wengine huishia kwenye sindano. Nyuma ya kituo kuna ini, ambalo ni stendi kuu: usipokula, lenyewe hutoa abiria wa akiba.

Sukari kushuka maana yake ni kusoma chini ya 4 kwenye mashine. Chini ya 3 ni hatari, kwa sababu ubongo unaanza kukosa chakula chake. Sukari kupanda peke yake haiui kwa haraka, lakini insulini ikikosekana kabisa mwili huanza kuchoma mafuta na kutoa asidi ziitwazo ketoni. Hizo zikijaa damuni, mtu anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Namba hizi ni za kipimo cha mmol/L, kilichozoeleka Tanzania na Kenya. Anayetoka Marekani, mashine yake husoma mg/dL, na namba hiyo hugawanywa kwa 18. Usilichukulie hili kijuujuu. Mpandaji akimwonyesha mwongozaji mashine inayosoma 60, mwongozaji aliyezoea kusikia 6 na 7 atadhani sukari imepanda kupita kiasi. Kumbe 60 hiyo ni 3.3, na mtu anahitaji soda sasa hivi. Mkae chini kabla ya kuanza safari, mwandikiane kwenye karatasi namba zipi ni za hatari kwa mashine mliyonayo.

Miguu inashusha, mwinuko unapandisha

Misuli inayofanya kazi ina tabia ya ajabu: huvuta sukari hata bila insulini ya kutosha. Ni kama abiria wameamua kuingilia madirishani, konda hata mlango hajaugusa. Na hawaachi safari ikiisha. Misuli huendelea kujaza akiba yake kwa saa 24 na wakati mwingine zaidi, ndiyo maana mtu anaweza kutembea mchana kutwa na kusoma 8 jioni, halafu saa nane usiku akaamka analowa jasho akiwa na 2.9.

Kwa hiyo siku mbili za mwanzo, tuseme kutoka lango la Marangu hadi Mandara (mita 2,720) kisha Horombo (mita 3,720), adui mkuu ni sukari kushuka. Madaktari wengi huanza kwa kupunguza insulini ya muda mrefu kwa karibu asilimia 20, na ile ya mlo unaotangulia kutembea huipunguza zaidi, robo hadi nusu au hata kupita hapo. Hizo ni namba za kuanzia mazungumzo na daktari wako, na mahali pa kuzijaribia ni matembezi marefu ya nyumbani. Usiende kuzijaribia Horombo.

Ukivuka mita 4,000 upepo unageuka. Kileleni hewa ina karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani, na mwili ukihisi hivyo humwaga homoni za msukosuko kama adrenalini. Homoni hizo huiamuru stendi kuu itoe abiria zaidi, na wakati huohuo humfanya konda awe mzito. Mtu yuleyule aliyepunguza dozi Mandara anafika Kibo (mita 4,720) au Barafu (mita 4,673) na kusoma 15 ilhali chakula chenyewe kimemshinda.

Hapo watu hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Kuna anayesema mashine imepotoka kwa sababu ya baridi, akaendelea na dozi ndogo hadi ketoni zikaanza. Na kuna anayeingiwa na hofu, akajidunga dozi kamili ya kurekebisha saa tatu usiku, kisha saa sita akaamshwa kuanza safari ya kilele. Miguu inapoanza kazi, mlango na madirisha vyote viko wazi. Ukilazimika kurekebisha kabla ya kutembea, nusu ya kipimo chako cha kawaida na kupima tena baada ya saa mbili ni busara kuliko kutaka namba nzuri ya kulalia.

Anayetumia insulini iliyochanganywa, ile ya 70/30 inayotolewa sana katika kliniki zetu, ana tatizo la ziada. Ndani ya chupa moja kuna ya haraka na ya taratibu, huwezi kupunguza moja ukaacha nyingine. Ukishadunga asubuhi umeshaahidi kula mchana, na huko juu hamu ya kula huisha bila kuaga. Kwa maoni yangu huyu anapaswa kumwona daktari miezi mitatu kabla ili atenganishiwe insulini mbili, azizoee nyumbani kwanza.

Na wale wa vidonge wasijione wako salama wote. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari hadi hatari. Lakini glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi huibana kongosho itoe insulini iwe umekula au hujala, na glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu. Mtu akishushwa na hiyo, glasi moja ya soda haimalizi kazi. Sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini nao wana lao: dawa hizi zinaweza kuleta ketoni hata sukari ikisoma 9 au 10, hasa mtu asipokula vizuri na akipungukiwa maji, yaani hali halisi ya kambi ya juu. Madaktari wengi hupendelea zisimamishwe siku chache kabla ya kupanda.

Magonjwa matatu, sura moja

Mpandaji yuko kambi ya Karanga au Horombo. Kichwa kinauma, ana kichefuchefu, miguu haina nguvu, hataki kuzungumza na mtu. Mwongozaji, ambaye ameona hali hii mara mia, anasema ni ugonjwa wa mwinuko. Wenzake wanasema ni uchovu. Mgonjwa mwenyewe anasema ni sukari. Nani mkweli?

Ugonjwa wa mwinuko ni hali ya mwili kushindwa kuzoea upungufu wa oksijeni kwa kasi uliyopandia. Huanza kwa kichwa kuuma, kisha kichefuchefu, uchovu na usingizi mbovu. Sukari kushuka nayo huleta kichwa kuuma, uchovu na kichefuchefu, ila mara nyingi huongeza jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla na hasira zisizo na sababu. Ketoni huleta kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kiu na kupumua kwa kina na haraka, pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Sasa nani huko juu hapumui kwa haraka? Nani hana kiu? Jasho nalo baridi hulikausha kabla hujaliona.

Ndipo inapokuja kanuni ambayo ningeiandika kwenye kifuniko cha mkoba: hakuna dalili inayopewa jina kabla kidole hakijatobolewa. Inachukua dakika moja. Ikisoma chini ya 4, tibu sukari na sahau mengine kwa dakika kumi na tano. Ikisoma zaidi ya 14 au 15, pima ketoni. Ikisoma vizuri na ketoni hazipo, ndipo mwinuko unapobeba lawama.

Uone umuhimu wake kwenye jaribio moja ambalo waongozaji wa Kilimanjaro hulitumia. Akimshuku mtu ubongo wake unavimba kwa sababu ya mwinuko, mwongozaji humwambia atembee mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Anayeyumba anashushwa mara moja, hata kama ni usiku. Mwenye sukari ya 2.6 atayumba vilevile. Ukimteremsha mita mia tano bila kumpa sukari, anaweza kuzimia njiani. Kinyume chake, ukimpa mwenye 7.5 chupa ya soda na kumwambia apumzike, umeupa uvimbe muda wa kumuua. Sindano moja ndogo kidoleni ndiyo inayotofautisha hukumu hizo mbili.

Ketoni hupimwa kwa damu au kwa mkojo. Vijiti vya mkojo ni rahisi na hupatikana famasi nyingi za miji mikubwa, ila hukuonyesha hali ya saa kadhaa zilizopita. Kwa kipimo cha damu, zaidi ya 1.5 hutembei kwenda juu. 3 na kuendelea ni dharura ya kushuka na kupelekwa hospitali. Na hapa ndipo lilipo kosa linaloua kuliko mengine yote: mtu wa aina ya kwanza anatapika, hawezi kula, kwa hiyo anaamua kuruka insulini. Stendi kuu haifungi kwa sababu wewe hujala. Insulini ya muda mrefu hairukwi hata siku moja. Hupunguzwa tu.

Dawa mbili za mwinuko zinahitaji neno. Diamox huongeza mkojo na kuifanya damu iwe na asidi kidogo, yaani inasukuma upande uleule wa ketoni. Wapo wenye kisukari wanaoitumia, lakini uamuzi huo hufanywa na daktari anayekujua. Usiuchukue kwa mwenzako wa hema anayekugawia kidonge. Deksamethasoni, ambayo waongozaji wengi huibeba kwa ajili ya uvimbe wa ubongo, hupandisha sukari kwa kasi. Ikihitajika itumike, inaokoa maisha. Ila tangu hapo pima kila saa mkiwa mnashuka.

Insulini haipendi jua, na baridi ndiyo mbaya zaidi

Watu wetu wanalijua joto. Wanajua kuwa chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na kwamba iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu siku 28 hivi ikiwa joto halizidi 25 au 30. Wasilolizoea ni kuganda. Insulini iliyoganda hata mara moja ni ya kutupa. Chembe zake hushikana, nguvu hupotea, na tatizo ni kwamba ile iliyo angavu inaweza kuyeyuka ikaonekana safi kama maji. Ile ya ukungu angalau hukuonyesha punje zilizoganda ukingoni mwa chupa.

Inaweza kuganda mapema kuliko unavyodhani. Kwanza ni kwenye ndege, ikiwa umeiweka kwenye sanduku linaloenda tumboni mwa ndege; insulini husafiri nawe ndani, pamoja na barua ya daktari. Kikomo cha mililita 100 cha vimiminika hakigusi dawa, na mashine ya kukagua mizigo haiiharibu insulini. Lakini aliyevaa pampu ya insulini au kihisi cha sukari kilichobandikwa mkononi aombe kukaguliwa kwa mkono, maana baadhi ya watengenezaji hawataki vipite kwenye mionzi. Pili ni kwenye chupa ya chai iliyojazwa barafu, ambayo watu huibeba kwa nia njema wakitoka Dar kwa basi. Insulini ikigusa barafu moja kwa moja inaganda ndani ya chupa huku nje jua linawaka. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, na usiiweke kwenye buti la basi.

Kambini, usiku, insulini hulala na wewe ndani ya mfuko wa kulalia. Mfuko wa juu wa begi haufai kabisa, hata kama ndio ulio karibu. Mchana ivae kwenye kipochi cha shingoni juu ya fulana ya ndani, chini ya sweta. Usiibananishe na ngozi kwa wiki nzima, maana hapo nako kuna joto la zaidi ya 30.

Kuna jambo dogo la kalamu ya insulini (sindano yenye umbo la kalamu) ambalo huwashangaza watu. Kadiri unavyopanda, shinikizo la hewa hushuka, na kiputo kidogo cha hewa kilichomo ndani ya kalamu hutanuka. Ukiiacha sindano imefungwa kwenye kalamu kutoka kambi hadi kambi, kiputo kinasukuma insulini nje na kuvuta hewa ndani, halafu jioni unajidunga uniti kumi ambazo nusu yake ni hewa. Kwa hiyo sindano hutolewa kila baada ya kudunga, na kabla ya dozi elekeza kalamu juu, igonge kwa kucha, sukuma uniti mbili hadi tone lionekane kwenye ncha. Lisipoonekana, rudia. Anayetumia pampu ana shida hiyohiyo kwenye mrija wake, na asiende bila kalamu za akiba.

Mashine nayo ina mipaka yake

Mashine nyingi za kupima sukari zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 10 na 40 hivi. Kwenye baridi ya kambi ya juu zitaandika hitilafu, au betri itakufa. Ipashe moto kwapani dakika tano kabla. Kidole baridi nacho hakitoi damu ya kutosha wala jibu la kuaminika; kisugue, kikaushe, na kifutwe kwanza kama umeshika pipi au ndizi, maana sukari ya kidoleni huongeza namba.

Pia soma kijikaratasi cha vijiti vya kupimia sukari. Vijiti vinavyotumia kimeng'enya cha glukosi oksidesi huhusisha oksijeni katika upimaji, hivyo mwinuko unaweza kuvipotosha. Vyenye glukosi dehidrojinesi havitegemei oksijeni, kwa hiyo ndivyo vya kutafuta. Kihisi kinachobandikwa mkononi ni msaada mkubwa usiku, lakini huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, na ukikilalia kinaweza kulia kwamba sukari imeshuka wakati haijashuka. Kikiwa na ubishi na mwili wako, kidole ndicho hakimu.

Hesabu ya mzigo si ngumu. Njia ya siku saba, upimaji mara kumi kwa siku, ni vijiti 70. Ongeza vinavyoharibika kwa baridi na siku za safari, tayari umepita 100. Chukua chupa nne za 50, na mashine mbili za aina moja ili vijiti viingiliane. Insulini na sindano, mara mbili ya unachohitaji. Kisha gawanya: nusu kwako, nusu kwa mwongozaji au mwenzako anayetembea karibu nawe. Usimpe mgumu (ndivyo wapagazi wanavyoitwa mlimani) mzigo wa dawa yako, si kwa kutomwamini bali kwa sababu yeye hutangulia kambini saa mbili mbele yako.

Saa

Anayetoka Nairobi, Kampala au Mombasa hana la kubadili. Wa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi anatofautiana saa moja, si kitu. Lakini anayetoka New York au Toronto anaruka saa saba au nane kuelekea mashariki, siku yake inafupika, na akidunga insulini ya muda mrefu "saa ileile ya usiku" kwa saa za Moshi, dozi mbili zitapandiana. Njia isiyo na presha ni kubaki na saa za nyumbani siku ya ndege, kisha kuisogeza dozi saa mbili au tatu kila siku. Ndiyo sababu mojawapo ya kufika Moshi siku tatu kabla ya lango.

Na wale waliokulia ughaibuni wajihadhari na saa za Kiswahili. Mwongozaji akisema mtaamshwa saa tano, simu yako itaandika 23:00. Wapo waliopanga dozi na chakula cha saa tano ya alfajiri.

Usiku wa kilele

Kuondoka ni kati ya saa tano na saa sita usiku, kupanda huchukua muda wa saa sita hadi nane, kisha unashuka hadi kambi na, kwa wa Barafu, unaendelea hadi kambi ya Mweka siku hiyohiyo. Baridi inaweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri. Ni usiku mmoja ambao mambo yote yaliyotajwa hapo juu hukutana.

Kuanza kutembea ukiwa kati ya 7 na 10 ni pazuri. Chini ya 5, kula kwanza wanga wa gramu 10 hadi 20. Zaidi ya 15, ketoni zipimwe kabla ya hatua ya kwanza. Njiani, gramu 15 hadi 30 za wanga kila saa huwatosha wengi: ndizi mbivu ndogo moja au mbili, au biskuti nne tano. Bisi za saa kumi zinazoliwa na chai kambini hazihesabiki kama mlo, ingawa ndizo pekee ambazo wengi hutamani huko juu. Supu ya moto yenye viazi humezeka kuliko wali mkavu.

Sukari ikishuka, kanuni ni 15 kwa 15: gramu 15 za sukari inayokwenda haraka, subiri dakika 15 ukiwa umekaa, pima tena. Gramu 15 ni kama mililita 150 za soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari), au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari. Chokoleti, ambayo kila mtu huibeba, ni chaguo baya: mafuta yake huchelewesha sukari kufika, na kwenye baridi hugeuka jiwe. Soda na maji ya mrija huganda. Glukosi ya unga wa kopo inahitaji maji ambayo yameganda. Kinachobaki ni vidonge vya glukosi au jeli, kwenye mfuko wa ndani kabisa, mahali unapoweza kufikia ukiwa umevaa glavu nene. Jaribu nyumbani kufungua kifungashio ukiwa na glavu. Visivyofunguka, kata pembe kabla ya kuondoka.

Pima kila saa au kila mnaposimama. Mwongozaji akupe kivuli cha kuzuia upepo kwa mwili wake, ndiyo namna inavyofanyika. Akizimia mtu, asimwagiwe kitu mdomoni. Atalazwa ubavu, apigwe sindano ya glukagoni (homoni ya kupandisha sukari) kama ipo na kuna aliyefundishwa, na machela iitwe.

Nani asubiri

Aliyegunduliwa na kisukari miezi michache iliyopita asubiri hadi aijue sukari yake. Anayeshuka bila kuhisi dalili zozote, kwa sababu mwili wake umeshazoea, asipande bila kihisi na mtu wa kumwamsha usiku. Macho yachunguzwe: mwenye mishipa mipya dhaifu nyuma ya jicho ambayo haijatibiwa anaweza kuvuja damu huko juu. Vivyo hivyo moyo na figo. Miguu iliyokufa ganzi haitakwambia kiatu kimekuchubua, kwa hiyo kila jioni vua soksi, angalia nyayo na katikati ya vidole kwa tochi, badilisha soksi kavu. Viatu viwe vimetembelewa kilomita nyingi nyumbani.

Kuhusu njia, ratiba ya Marangu ya siku tano inakurusha mita 1,000 kutoka Horombo hadi Kibo kwa siku moja, wakati ushauri wa kawaida juu ya mita 3,000 ni kutopandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Siku saba za Machame au nane za Lemosho zinagharimu zaidi. Kama fedha ni za kubana, ningepunguza kitu kingine chochote kabla ya siku.

Kushuka

Wengi hulegea baada ya Uhuru, na hapo ndipo miguu na sukari huanza visa vyao. Mteremko wa Mweka hupondaponda kucha za vidole vikubwa. Kaza kamba za kiatu juu ya kifundo kabla ya kuanza kushuka. Ukirudi kwenye hewa nzito, homoni za msukosuko hutulia na konda anachangamka tena, huku misuli ikiwa na njaa ya siku saba. Dozi uliyokuwa umeipandisha Barafu itakuwa kubwa mno Mweka, kwa hiyo irudishe chini jioni hiyohiyo.

Usiku wa kwanza Moshi una mtego wake: mbege au bia za kujipongeza. Mbege ina sukari ya ndizi inayopandisha namba mapema, kisha pombe hulizuia ini kutoa akiba yake usiku kucha, stendi kuu ikawa imefungwa. Kula wali au ndizi nyama kabla ya glasi ya kwanza, usijidunge kwa ajili ya pombe, lala ukiwa na 8 au zaidi, na weka kengele ya saa nane usiku upime.